SPORTident Air+ kwenye Baridi na Matope: Tathmini kwa Waandaaji wa Mbio za Ramani

Jibu la haraka kwanza. Ukiandaa mbio za ramani na dira msituni kati ya Novemba na Machi, iwe kaskazini mwa Uingereza au Uskoti, kodi seti ya Air+ ya SPORTident, mtambo wa kielektroniki unaoandika muda wa mkimbiaji kwenye kila kituo anachokitafuta msituni, na ulipe ile nyongeza ya bei bila kunung'unika. Ila usiikodi kwa sababu ya sifa inayouzwa nayo. Air+ inasifiwa kwa kasi: mkimbiaji anapita, mkono unakaribia kisanduku, muda unaandikwa bila kusimama. Katika baridi kali kasi haina maana kubwa, maana hakuna anayekimbia kasi kwenye tope la magotini. Faida yake ni vidole, na tutaeleza kwa nini. Na lile jambo linalomkosesha mratibu usingizi, yaani kujua nani bado yuko msituni saa ambayo jua linazama, mtambo huu haulileti wenyewe. Ni lazima ulifuate mwenyewe.

Anayeuliza kwa nini watu wachague majira hayo ajue habari ya kangaga. Kiangazi kangaga za misitu ya Uingereza hufika kifuani, hufunika mawe na mashimo, na kupita ndani yake ni kama kuogelea. Baridi ikizilaza, msitu unafunguka. Kwa hiyo mvua ya theluji, upepo na matope ndiyo kodi ya msitu unaopitika. Mwanga nao ni mchache: katikati ya Desemba jua huzama Edinburgh saa 9:38 alasiri na London saa 9:51, na chini ya misonobari iliyopandwa kwa safu giza hutangulia. Ratiba inayofaa ni wa mwisho kuanza saa 6:30 mchana na njia zote kufungwa saa 8:30. Mratibu anayefunga njia saa 9:30 amejinunulia usiku wa kutafuta watu kwa tochi.

Chipu na vidole vilivyokufa ganzi

Kila mkimbiaji huvaa chipu kidoleni kwa mpira mwembamba. Kila kituo msituni kina kigingi, bendera ya pande tatu yenye rangi nyeupe na ya machungwa, kila upande sentimita 30 kwa 30, na juu yake kisanduku chenye tundu. Chipu za kawaida huingizwa ndani ya tundu hilo hadi kisanduku kilie na kuwaka taa. SI-Card 8 hubeba kumbukumbu 30, SI-Card 9 hubeba 50, na SI-Card 10, 11 na SIAC hubeba 128. SIAC ndiyo chipu ya Air+. Ina betri yake ndani, husikiliza mawimbi ya kisanduku kutoka umbali wa takriban nusu mita, kisha yenyewe hulia na kumetameta kwa sekunde chache.

Hapo ndipo vidole vinapoingia. Baada ya dakika 40 za mvua ya theluji mkono haulengi. Mkimbiaji anagonga pembeni ya tundu, anachomoa mapema kabla ya mlio, anaendelea, na nyumbani anakuta kituo namba 7 hakipo kwenye risiti yake. Tundu likijaa theluji iliyogandamana, chipu haifiki ndani hata mkono uwe mzima. SIAC huondoa shida zote mbili: mtu huupitisha mkono tu, hata akiwa na glavu.

Lakini ina mitego yake mitatu. Wa kwanza: SIAC huwashwa na kisanduku cha kuhakiki pale mwanzo. Utaratibu ni kufuta kumbukumbu za zamani, kuhakiki, kisha kuanza. Anayeruka kuhakiki kwa sababu foleni iko kwenye mvua anaondoka na chipu iliyolala. Itaandika tu akiichomeka kwenye tundu kama chipu ya kizamani, na yeye hajui, kwa hiyo anapita vituo vyote akipunga mkono hewani. Dawa ni kisanduku cha majaribio hatua 5 mbele ya cha kuhakiki, na mtu mzima mwenye sauti anayesimama hapo akisema: "Imelia? Imewaka?" Asiyeona taa harudi nyuma peke yake, anarudishwa.

Wa pili ni kofia. Upepo ukivuma na koti likiwa limefunika masikio, mlio hausikiki. Waambie wakimbiaji watazame taa, wala wasitegemee sikio. Chipu iliyovaliwa chini ya glavu itaandika vizuri, ila taa yake haionekani. Ivaliwe juu ya glavu, na mpira uwe wa saizi kubwa zaidi ili isidondoke.

Wa tatu ni betri. Haibadilishwi na mtumiaji, na baridi hushusha nguvu ya betri iliyozeeka. Chipu zote za kukodisha zipimwe kwa kisanduku cha kupimia betri siku moja kabla, tena baada ya kulala nje usiku au kwenye buti la gari. Ukizipima sebuleni kwenye joto utapata majibu ya sebuleni.

Visanduku na vigingi

Kwa wakimbiaji 150, njia 7 na vituo 40, hesabu inayotosha ni hii: visanduku 40 vya msituni na 5 vya akiba, 4 vya kufutia, 3 vya kuhakiki, 2 vya kuanzia, 3 vya kumalizia na 2 vya kusomea chipu. Vya kufutia viwe vingi kuliko unavyodhani, maana kufuta huchukua muda kuliko kazi nyingine na ndiko foleni inakozaliwa.

Saa za visanduku vyote zilinganishwe kwa pamoja, ndani ya nyumba, jioni moja kabla. Kazi hiyo ifanywe mezani, kwenye programu ya Config+, na wakati huohuo uweke muda ambao kisanduku kitakaa macho. Hapa ndipo wageni wa mtambo huu huteleza. Kisanduku kisichotumika kwa muda uliowekwa husinzia ili kuokoa betri. Kikisinzia hakitoi mawimbi ya Air+, na SIAC inayopita haisikii kitu. Kuamka kinahitaji chipu iingizwe ndani ya tundu na mtu asubiri kidogo. Kituo cha njia ndefu ambacho mtu wa kwanza hukifikia saa 6 mchana kitakuwa kimelala ikiwa kilitundikwa saa 2 asubuhi na muda wake wa kukaa macho ni wa saa mbili tu. Weka muda unaoanzia utundikaji hadi ukusanyaji, ukiongeza saa moja ya fidia, na atakayekagua asubuhi achomeke chipu kwenye kila tundu, asiridhike kuona bendera kwa mbali.

Kisanduku kikifa kabisa, fundisho la kizamani bado lina kazi: kibanio cha sindano, kinachotoboa alama kwenye karatasi, kifungwe kwa kamba kwenye kila kigingi, na ramani iwe na miraba ya akiba pembeni ya kutobolea. Mpangaji wa njia abebe visanduku 3 vya akiba vyenye namba ambazo hazimo kwenye njia yoyote. Akibadilisha kisanduku cha 47 kwa cha 201, anapiga simu, na aliye kwenye kompyuta anaiambia programu kwamba 201 ni 47.

Vigingi vya mbao havifai ardhi iliyoganda. Nondo ya milimita 12, urefu wa mita 1, yenye ncha iliyonolewa, huingia kwa nyundo ya kilo 1 hata sentimita za juu zikiwa barafu. Bendera ifungwe juu na chini. Ikifungwa juu tu, hugeuka tanga, na upepo wa usiku mmoja hulegeza kigingi hadi kinalala. Kuhusu namba za vituo, huanza 31 kwenda juu, na kanuni za shirikisho la kimataifa la mbio hizi, IOF, hutaka namba zinazoweza kusomwa kichwa chini, kama 66, 68, 86, 89, 98 na 99, zipigiwe mstari chini. Jambo hilo huonekana la kiofisi hadi uone kibao kimezunguka kwenye kamba yake.

Theluji nayo ina hila ambayo mtambo wowote wa muda hauwezi kuitibu. Hufunika njia ndogo, madimbwi na vishimo, yaani vitu vilevile ambavyo ramani inavitegemea, na watu 10 wa kwanza huchora kwa nyayo zao barabara hadi bendera. Wa 11 hahitaji dira. Kama utabiri ni wa theluji, hamishia vituo kwenye vitu vikubwa: pembe ya ukuta wa mawe, makutano ya mito, mwamba mrefu kuliko mtu. Vijito viangaliwe asubuhi ya siku yenyewe, maana cha kurukwa Ijumaa kinaweza kuwa cha kuvukwa kwa kamba Jumapili. Mpangaji mwerevu huwa na kila njia katika toleo la pili lisilovuka maji, limekwisha kuchapwa, limo kwenye boksi.

Na upepo ukitangazwa, usibishane na mwenye msitu. Misonobari aina ya Sitka ina mizizi mifupi kwenye udongo uliolowa na huanguka kwa makundi. Dhoruba Arwen ya tarehe 26 na 27 Novemba 2021 ililaza misitu mizima Northumberland, Cumbria na Uskoti, na ramani za maeneo hayo zilihitaji kuchorwa upya. Uamuzi wa kuahirisha utolewe jioni ya kuamkia siku hiyo, kabla watu hawajapakia magari.

Nani bado yuko msituni

Hii ndiyo sehemu ya kusoma mara mbili. Wengi huamini kwamba kwa kuwa mtambo ni wa elektroniki, kompyuta inajua nani ameanza. Haijui. Kisanduku cha mwanzo huandika muda ndani ya chipu, na chipu imeondoka na mwenyewe. Kompyuta humfahamu mkimbiaji pale anaporudi kusomwa. Kwa hiyo saa 8:30 skrini itakuonyesha waliosajiliwa 150 na waliosomwa 141, na wale 9 waliobaki wanaweza kuwa wamelala nyumbani kwao kwa sababu ya mvua, au mmoja wao ameketi chini ya mti na kifundo kilichotenguka.

Kuna njia ya kutoka. Visanduku vya kuhakiki na vya mwanzo huweka nakala ya kila chipu iliyopita. Mtu aliyepo mwanzo avikimbize kwenye kompyuta mara tu wa mwisho akiondoka, saa 6:35, asisubiri kufunga hema la mwanzo. Kumbukumbu zake zisomwe na programu ilinganishe: waliohakiki, ukitoa waliosomwa, ndio walioko msituni. Programu zinazotumika sana na vilabu vya Uingereza, kama AutoDownload na SiTiming, zinaweza kazi hii, ila haijifanyi yenyewe. Mtu mmoja apewe jukumu hilo kwa jina, na asipewe lingine.

Kwa sababu hiyo sheria ya kupita kisanduku cha kuhakiki haina msamaha, hata kwa mwenye chipu ya kawaida isiyohitaji kuwashwa. Na aliyekata tamaa katikati apite kusomwa vilevile. Tangazo la mdomo halitoshi. Kibao kikubwa kiwekwe kwenye njia ya kurudi magarini: HATA HUKUMALIZA, PITA USOMWE.

Nyongeza mbili za bei rahisi hushinda programu yoyote. Ya kwanza ni fomu ya usajili kuwa na namba ya gari na namba ya simu ya mtu aliyeko nyumbani; gari likiwa halipo uwanjani, jibu limepatikana bila kumtuma mtu msituni. Ya pili, kwa tukio dogo la watu 40 au 50, ni kuacha ufunguo wa gari mezani wakati wa kusajili. Hakuna anayesahau kurudi kwenye ufunguo wake.

Filimbi iwe ya lazima na ikaguliwe kwenye mstari wa mwanzo: mapulizo 6 ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, kisha tena, anayejibu hupuliza 3. Koti la mvua nalo mratibu ana haki ya kulilazimisha. Mwili uliolowa hupoteza joto upesi ukisimama, na anayeumia msituni husimama. Anayesema koti linampunguzia mwendo aelekezwe kwa upole kwenye njia ya watoto.

Ramani zinazolowa

Mtambo ukifanya kazi na ramani ikageuka uji, tukio limeharibika. Karatasi ya kawaida ndani ya mfuko wa plastiki ni chaguo la bei ndogo, na hushindwa kwa njia ileile kila mara: mfuko hupasuka kwenye mwiba, maji huingia, mkimbiaji hukunja ramani ili aishike kwa kidole gumba, na mkunjo huo ndio wa kwanza kuchanika. Chapa ya wino wa kunyunyiza ni mbaya zaidi kwa sababu rangi ya zambarau ya njia huchuruzika juu ya msitu wa kijani na namba hazisomeki.

Chaguo letu ni Pretex, karatasi isiyolowa inayokubali printa ya leza. Haichaniki kirahisi, hukunjika bila kelele, na hukaa laini kwenye baridi. Kasoro yake ni kwamba poda ya leza husuguliwa kwenye mikunjo. Ramani iliyokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hupata mistari myeupe, na ole wako kama kituo chako kipo juu ya mstari huo. Kwa hiyo ramani zisikunjwe na waandaaji, zikabidhiwe zikiwa bapa, na kwa njia ndefu za zaidi ya saa moja ziingizwe pia mfukoni, upande mmoja ukiachwa wazi ili mvuke utoke. Teslin ni imara zaidi kuliko Pretex na poda huishika vizuri, ila ni ghali kwa mbio za kila Jumapili. Karatasi za plastiki za aina nyingine zinunuliwe tu zikiwa na maandishi kuwa ni za leza. Zisizo za leza huyeyuka ndani ya printa, na fundi atakutoza zaidi ya gharama ya tukio zima.

Chapa kwa skeli ya 1:10,000 badala ya 1:15,000 ukiweza. Jicho lenye matone ya mvua halisomi kontua za mita 5 zilizobanana. Idadi iwe ya waliosajiliwa pamoja na asilimia 15. Maelezo ya vituo yanayovaliwa mkononi yachapwe kwenye karatasi ileile isiyolowa, maana yakilowa mkimbiaji hujikuta kwenye bendera sahihi asijue kama ni yake.

Mahali pa kusomea chipu

Hema ni adui. Yale ya kukunjua ya mita 3 kwa 3, yanayopendwa na kila mtu, huruka kwenye upepo hata yakifungwa kwa vigingi vya chuma, na kompyuta huruka nayo. Usomaji ufanywe kutoka nyuma ya gari aina ya van, mlango ukitazama upande usio na upepo, na kisomeo kitolewe nje kwa waya wa USB wa mita 2 hadi 3 kikiwa kimebandikwa kwenye ubao. Mkimbiaji aliyelowa asiingie ndani. Kila anayeingia huacha lita moja ya maji.

Betri ya kompyuta hupungua nguvu haraka kwenye baridi. Hesabu nusu ya muda unaoandikwa. Jenereta ndogo ikitumika, ikae nje, mbali na mlango na upande ambao upepo unatoka kwenye gari kwenda kwake, kwa sababu moshi wake huua kimya. Printa ya matokeo hutumia karatasi ileile ya joto ya risiti za EFD, na karatasi hiyo ikinyonya unyevu hujikunja na kukwama. Roli za akiba zikae ndani ya mfuko wenye zipu, na printa ndani ya boksi la plastiki lililotobolewa tundu la risiti. Ikikwama kabisa, izime na uendelee kusoma. Risiti ni starehe. Kusomwa ndiko usalama.

Mibadala

Emit ya Norwe, kwa chipu zake za kizamani, ina jambo moja ambalo SPORTident haina: kikaratasi cha akiba kinachotobolewa kila kituo, kwa hiyo kituo kikifa ushahidi upo. MapRun, inayotumia GPS ya simu, haihitaji kigingi wala kisanduku na inafaa mazoezi ya mjini, ila simu kwenye baridi huzima bila kuaga, na chini ya miti mizito iliyolowa nukta hupotoka mita kadhaa. Usiipe tukio la msituni la Januari. Kadi za karatasi na vibanio vya sindano bado ni halali kwa watu 30. Kipande kinachokatwa kwenye kadi na kubaki mwanzoni humwonyesha mratibu walioanza bila betri wala kompyuta, jambo ambalo mtambo wa kisasa hulifanya kwa mzunguko tuliokwisha kuueleza.

Baada ya tukio

Wakusanyaji 5, kila mmoja vituo 8, humaliza kabla ya giza kama waliondoka saa 8:30 kamili, na wasitoke hadi orodha ya walioko msituni iwe tupu au wawe ndio wanaotumwa kutafuta. Visanduku vioshwe tope kwa maji ya kawaida na kitambaa, visirudishwe kwenye boksi vikiwa vimelowa. Bendera zitundikwe usiku kucha. Zikifungwa mbichi huota ukungu na rangi ya machungwa hufifia. Chipu za SIAC za waliojitoa bila kupita kisanduku cha mwisho zizimwe moja moja kwa kisanduku cha kuzimia kabla ya kurudishwa kwa mwenye kukodisha. Na nondo zihesabiwe kwa sauti, kwa sababu moja iliyosahaulika kwenye njia ya matrekta ya msitu inatosha kutoboa tairi na kufunga mlango wa msitu huo kwa mwaka ujao.